Genge la mboga linasumbua? Anza na dalili, usikimbilie mkopo

Kitu ninachokiona sana kwa wenye magenge, hasa huku Dar, genge likianza kuyumba mtu anawaza mambo mawili tu, nikope niongeze mtaji au nihame kijiwe. Na mara nyingi shida haipo kwenye mtaji wala kijiwe, iko kwenye mzigo unaoharibika na hela ambayo hakuna anayeihesabu. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, zile zile watu wanazolalamikia kila siku, na kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana halafu ndio zile za mbali. Cheki vya bure kwanza. Na pale nilipoandika SIMAMA, naomba sana usilazimishe, kuna mtu mwenye kazi yake.

Mchicha na matembele vinanyauka kabla ya saa sita

Sababu ya kwanza ni jua, na wengi wanabisha kwa sababu wana mwavuli, lakini jua linahama. Saa mbili asubuhi meza yote iko kivulini, ikifika saa nne nusu ya mbele inaungua na ndio huko ulikopanga majani ili wateja wayaone. Simama upande wa mteja saa nne, halafu tena saa nane, uangalie kivuli kimefika wapi, majani yahamie huko na vitunguu na nazi ndio vikae mbele, vyenyewe vinavumilia. Turubai nalo likifungwa chini sana linashika joto, linyanyue hewa ipite.

Ya pili, mzigo ulikuwa umeshachoka ulipoununua. Sokoni alfajiri, iwe Ilala au Buguruni, kuna mchicha wa leo na kuna wa jana uliomwagiwa maji, na kwenye mwanga wa tochi yote inameremeta. Usiangalie majani. Vunja shina moja, la leo linakatika kwa mlio, la jana linapinda kwanza. Halafu chomeka mkono katikati kabisa ya mzigo, ukikuta kuna joto ujue umeshaanza kuharibika kwa ndani hata kama juu unapendeza, achana nao hata ukishushiwa bei.

Ya tatu ni maji, ama hayapo ama yamezidi. Mchicha wenye mizizi usimamishe kwenye beseni maji yawe ya vidole viwili tu, mizizi inywe majani yabaki makavu. Matembele, kisamvu na majani ya maboga yafunike na gunia la katani ulilolowesha ukalikamua, ukiona limekauka unalilowesha tena. Usiloweke majani kwenye ndoo kutwa nzima, jioni yanakuwa na utelezi na hiyo siyo mboga tena. Mafungu yaliyobanwa sana na kamba nayo yanaungua katikati, legeza.

Ya mbali kidogo, ndizi mbivu. Matunda yanayoiva yanatoa gesi ya ethilini na majani yakikaa karibu yanageuka njano haraka, matango pia hivyo hivyo. Tenganisha hata kwa upana wa meza.

SIMAMA: maji ya kunyunyizia yawe ya kunywa. Ya mtaroni, ya dimbwi au ya kisima kilicho jirani na choo usiyaguse, kipindupindu na taifodi vinapita hapo hapo. Na wakitokea wateja zaidi ya mmoja wanaosema wameharisha baada ya kula mboga zako acha kuuza mzigo ule, usiutupe kwanza, mwone afisa afya wa kata siku hiyo hiyo. Mteja anayeharisha mfululizo na kutapika huyo ni wa kituo cha afya sasa hivi, siyo wa kusubiri kesho.

Nyanya zinaoza kabla hujafika nusu ya tenga

Kwanza angalia zinaozea wapi. Zikiwa zinaoza za chini tu, ni uzito na safari. Nyanya inayotoka Ilula kule Iringa imeshasafiri usiku kucha ndani ya tenga, wewe ukiipakia tena kwenye bodaboda na mfuko wa viazi juu, ile iliyokuwa na mchubuko mdogo inapasuka. Ukifika tu mwaga tenga lote, usiuze kutoka juu ukisema za chini utazikuta kesho. Panga matabaka mawili, yakizidi sana matatu, upande wa kikonyo uangalie chini, pale kwenye kikonyo pakitazama juu pana ncha na ndipo panapotoboa mwenzake.

Kama zinaoza popote pale, shida ni kuchanganya. Iliyopasuka moja ikikaa usiku na wenzake asubuhi zimelowa nne, kwa hiyo kila jioni kabla ya kufunga chambua makundi matatu: za leo leo ziuzwe kwa bei ya kumaliza, za kesho, na zenye rangi bado. Zile za rangi usizipeleke kwenye friji ya jirani, nyanya ambayo haijaiva ikipigwa baridi haiivi vizuri na ladha inapotea. Na usizioshe halafu ukazihifadhi, zioshe wakati wa kupanga kuuza na uzifute.

Kama ni alama za ajabu, hapo ugonjwa umetoka shambani. Kitako cheusi kilichobonyea, hicho ni mmea kukosa kalsiamu kwa sababu ya maji yasiyoeleweka, hakiambukizi nyanya nyingine ila mteja hatakinunua. Vitundu vidogo karibu na kikonyo vyenye uchafu mweusi, hiyo ni kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 akaanzia Arumeru akasambaa kila mahali. Ndani kuna kiwavi kwa hiyo haifai hata kama nje imeng'aa. Mabaka ya kahawia magumu yanayotanuka ni ukungu, mara nyingi kipindi cha mvua, ukiyaona kwenye nyanya tatu nne za juu usinunue tenga, nunua kwa sado uliyochagua mwenyewe.

SIMAMA: nyanya yenye unga mweupe au wa kibluu ni mabaki ya dawa ya ukungu. Wengi wanafuta na kanga wanapanga mezani. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, mwambie na mteja aoshe, lakini kama inanuka dawa hata baada ya kuosha usiuze, sababu dawa nyingine zinaingia ndani ya tunda na kuosha hakusaidii. Maana yake mkulima alivuna kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Mrudishie aliyekuuzia, na kama ni tabia yake toa taarifa kwa afisa kilimo wa kata, TPHPA ndio mamlaka ya viuatilifu na wao ndio wanajua pa kuanzia.

Unauza kutwa lakini hela huioni

Hapa ndipo magenge mengi yanapofia na nitakaa kidogo.

Sababu inayoongoza ni fungu. Mtu anapanga fungu kwa kuangalia jirani anapangaje, hajui fungu lake linamlipa shilingi ngapi. Chukua mfano, ndoo ya nyanya umenunua 20,000, usafiri na ushuru 2,000, jumla 22,000. Umemwaga umehesabu nyanya 200, ishirini zimepasuka, zimebaki 180. Ukipanga nne kwa jero unapata mafungu 45, mara 500 ni 22,500. Yaani umeamka saa tisa usiku ukakaa juani mpaka saa mbili usiku kwa shilingi mia tano. Ukipanga tatu kwa jero unapata mafungu 60, ni 30,000, umebaki na 8,000. Nyanya moja tu kwenye fungu ndio imefanya hivyo. Siku nyanya zimeshuka sokoni unarudisha ya nne na wateja wanafurahi, ila lazima uwe umehesabu. Na zile mbovu ndio watu hawazihesabu kabisa, wanagawanya bei kwa 200 wakati wanauza 180.

Sababu ya pili ni genge kuwa jiko la nyumbani. Nyanya mbili, kitunguu, hoho, nusu nazi, kila siku. Usiache kula, kula, lakini andika, au jipimie asubuhi kama mteja na uweke hela kwenye kopo la genge. Nauli ya mtoto nayo isitoke kwenye kopo hilo. Jilipe posho yako jioni, kiasi kile kile kila siku, kinachobaki ni cha sokoni kesho.

Ya tatu ni mikopo ya wateja. Mama nanihii nitakupa jioni, shemeji niandikie, na huwezi kukataa kila mtu maana ndio majirani. Weka daftari lenye jina, kitu, hela na tarehe, mteja akiwa anaona unaandika, na uwe na kikomo kwa kila nyumba. Aliyefika kikomo mwambie kwa upole, dada yangu tumalize hii kwanza ndio tuanze nyingine. Anayekasirika kwa hilo hakuwa na mpango wa kulipa.

Cheki rahisi: kwa wiki moja andika vitu vinne tu kila jioni, umenunua kwa ngapi, umeuza ngapi, umetupa nini, umekula nini. Usibadilishe chochote wiki hiyo, andika tu. Tatizo litajionesha lenyewe.

SIMAMA: kama umefika mahali unakopa kwa Hamisi kumlipa Asha, usichukue kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Marejesho ya kila siku yanakula mtaji wa sokoni, kesho unanunua mzigo mdogo zaidi, faida inapungua na deni halipungui. Mkopeshaji yeyote anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, orodha ya wenye leseni iko kwa Benki Kuu, na anayetaka kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana mkimbie. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata uulizie mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, haina riba. Inataka kikundi na inachukua muda, ndio, lakini haitakuja kubeba friji yako.

Wateja wanarudisha vitu: viazi vya kijani, kitunguu laini, nazi mbovu

Viazi vya kijani vimepigwa na mwanga. Ile rangi inakuja pamoja na sumu ya solanini, ni michungu na kupika hakuiondoi, kwa hiyo usimenye ukawauzia watu wa chipsi. Vifunike na gunia, toa nje vya kuonesha tu. Vitunguu vyenye shingo laini au vilivyoanza kuota vilivunwa vibichi au vimekaa na unyevu, bonyeza shingo kabla hujanunua, iliyokauka haibonyei. Na viazi na vitunguu visilale gunia moja, vinaharibiana. Nazi itikise usikie maji yanacheza, isiyo na maji iache, kisha angalia yale macho matatu, yakiwa yamelowana au yana ukungu ndani imeoza. Anayerudisha nazi aliyoivunja ikawa mbovu mbadilishie bila maneno, huyo anarudi.

Maembe, ndizi au parachichi zimeiva nje, ndani ni ngumu

Mara nyingi zilichumwa changa. Tunda ambalo halijakomaa mtini litabadilika rangi lakini halitapata utamu, hakuna unachoweza kulifanyia zaidi ya kutonunua kwa huyo mtu tena. Zilizokomaa ila hazijaiva weka kwenye boksi, tia ndizi moja mbivu ndani, funika na magazeti, kila asubuhi angalia.

Sababu nyingine ni kabaidi, ile kemikali ya wachomeleaji ambayo watu wanaivishia matunda. Tunda lina rangi sawa sawa mwili mzima, limelainika ganda, halina harufu ya tunda, wakati mwingine unakuta unga wa kijivu kwenye boksi.

SIMAMA: usiivishe na kabaidi hata kama sokoni kila mtu anafanya. Inatoa gesi ya asetilini inayoshika moto na mara nyingi ina mabaki ya aseniki na fosforasi. Ukikuta vipande vyake kwenye mzigo usivimwagie maji, na usivishike kwa mkono mtupu.

Wateja wanasema kilo yako haijai

Kabla hujagombana cheki mwenyewe. Mizani iko kwenye sifuri ikiwa tupu? Imekaa sehemu iliyonyooka au meza imeinama? Kuna beseni juu yake ambalo hujalitoa kwenye hesabu? Halafu pima pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, mbele ya watu, ikija tofauti inayoonekana mizani ina shida. Ya springi inachoka ikipimiwa mizigo mizito kila siku, na kutu ya pwani inaimaliza mapema.

SIMAMA: usiifungue ukajirekebishia. Wakala wa Vipimo ndio wanahakiki na kuweka stika, kila mwaka, na mizani isiyohakikiwa inakupa kesi hata kama hukuwa na nia mbaya. Na wewe unaponunua, lumbesa inakatazwa kisheria, dai kupimiwa kwa kilo pale inapowezekana, sababu gunia lenye kilemba ukinunua kwa macho hujui umenunua nini.

Meseji ya malipo imeingia, hela haipo

Angalia salio siyo meseji, hilo tu linamaliza kesi nyingi. Meseji feki inakuja kwa namba ya kawaida au ina salio lisilolingana na lako, na mara nyingi inakuja wakati genge limejaa na mtu ana haraka. Tumia lipa namba, mwachie mzigo ukishaona salio limepanda. Akipiga mtu anasema amekosea kutuma umrudishie, usirudishe wewe mwenyewe, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake wairudishe wao. Namba ya siri haombwi mtu, hata akijitambulisha anatoka makao makuu.

Wateja wamepungua ghafla

Kabla ya kuwaza mkono wa mtu, angalia muda wako. Watu wa mtaani wananunua mboga asubuhi kabla ya kazi na jioni kuanzia saa kumi na moja, ukifungua saa tatu na kufunga saa kumi na moja umekosa kote kuwili. Halafu upungufu wa vitu: mtu akikuta nyanya bila kitunguu na kitunguu bila nazi anakwenda pengine na huko atabaki. Afadhali aina saba za kila siku zisikosekane kuliko aina ishirini za kubahatisha. Angalia na nzi, anayeona nzi hanunui na hasemi. Mabaki yatoke kila jioni, siyo kurundikwa chini ya meza, panya wanakuja huko huko.

SIMAMA: dawa ya kupulizia mbu na mende isikaribie meza ya chakula, na sumu ya panya isiwekwe kwenye genge kabisa, tumia mtego. Mtoto au mtu akila kitu chenye sumu mpeleke hospitali na kopo la hiyo sumu mkononi, msimtapishe wala kumnywesha maziwa njiani.

Kama umecheki yote hayo na bado kimya, kaa nusu saa upande wa pili wa barabara uangalie watu wanapita wapi. Inawezekana njia imefungwa, mtaro umechimbwa, stendi ya bodaboda imehama. Hapo kweli kijiwe ndio tatizo na kuhama kuna maana.

Mgambo wanakuondoa kila mara

Sababu ya kawaida ni hifadhi ya barabara au juu ya mtaro. Wa Dar tunakumbuka Oktoba 2021 machinga walivyoondolewa maeneo hayo na mbele ya maduka, waliokuwa wamejenga meza za zege walipoteza zaidi ya waliokuwa na meza za kubeba. Ukiwa sehemu ya hivyo usijenge kitu cha kudumu. Mwone mwenyekiti wa mtaa kabla hujaweka hata tofali, kama ni mbele ya nyumba ya mtu pata ruhusa yake kwa maandishi, na uulizie kitambulisho cha mfanyabiashara ndogondogo kwa afisa maendeleo ya jamii.

Ukiombwa ushuru omba risiti ya kielektroniki, anayekataa kuitoa chukua jina lake uende nalo ofisi ya kata. Mzigo ukichukuliwa usivutane nao mkono kwa mkono, uliza unapelekwa ofisi gani na nani anausaini, piga picha meza ilivyo, nenda siku ile ile na mjumbe au mwenyekiti, sababu mchicha hausubiri kesho. Faini ikiwa kubwa kuliko mzigo wenyewe usilipe kwa uoga pale getini, omba kwanza kuoneshwa sheria ndogo inayoitaja, na ukikwama ulizia msaada wa kisheria bure kupitia msajili msaidizi wa msaada wa kisheria wa halmashauri.